Fungu la Ipyana

Desemba, Moshi hupanda mlimani.
Maduka yanashusha mageti, watu wanabeba sukari,
mabati mawili ya bibi, jogoo aliyefungwa miguu.
Kila mtu ana kwao.
Miaka sita tulibaki chini, mimi na wewe
na mbwa wa jirani asiye na likizo.

Kwetu ni Tukuyu, na nauli ya huko
tuliihesabu mara nyingi bila kuimaliza.
Nilikuja huku na cherehani na mimba ya miezi mitano,
na aliyeniita akabadili namba ya simu.
Sikujua mtu. Hata mlima sikuujua,
ulijifunika wingu wiki nzima,
nikadhani wananitania kwamba upo.

Usiku ule homa ilipokukaza shingo
Ndeshukuru wa chumba cha pili hakubisha hodi.
Alikunyakua na kanga mbichi, akatangulia mbio Mawenzi,
kandambili moja yake, moja ya mumewe,
mimi nyuma nimeikumbatia kadi ya kliniki
kana kwamba kadi ndiyo mgonjwa.
Nesi akauliza, "Mama wa mtoto?"
Tukaitika wote wawili.

Namsifu, anayeuza makande Kiboriloni,
alikufundisha hesabu kwa maharage.
Ndiyo maana mpaka leo ukikosea
unasema, "Mama, moja lilikuwa bovu."

Na Mwinjuma, fundi baiskeli,
asiye na mtoto na asiyependa kuulizwa,
alikushikisha spana namba kumi
kama mtu anayekabidhi shamba.
Jino lako la kwanza lilipong'oka
ulimkimbilia yeye, damu mdomoni, unacheka.
Nililia kidogo, nyuma ya cherehani.
Kisha nikajiona:
wivu kama huu ni wa tajiri.

Mwaka huu Ndeshukuru akasema, "Mtoto anapanda nasi."
Hakuuliza.
Tukapanda Uru, matope yakivua viatu,
migomba imebanana kama ndugu wanaoteta,
mfereji ukisema na mawe kwa lugha nisiyoijua.

Mbuzi akachinjwa.
Nikakuvuta pembeni, nikakunong'oneza: tulia,
hapa nyama haigawiwi kwa njaa, inagawiwa kwa ukoo,
kila fungu lina mwenyewe.
Tukakaa, mikono mapajani,
wageni wenye adabu.

Eliakunda, kaka yake Ndeshukuru, alikuwa na kisu,
shati la benki limekunjwa mpaka kwenye viwiko.
"La shangazi. La mkwe. La mama mdogo, mwekeeni, yuko njiani.
La Ipyana."
Hakuinua macho. Hakutoa hotuba.
Alifukuza nzi, akaendelea na jina jingine.

Uliniangalia kuomba ruhusa.
Nilitikisa kichwa, maana sauti sikuwa nayo.

Lilikuwa fungu dogo, mfupa mwingi, mafuta kiasi.
Ulilibeba kwa mikono miwili.
Ulikula nusu, nusu ukaifunga kwa jani la mgomba,
"Hii ya Mwinjuma,"
kisha ukasita, ukauliza nani kachinja,
ukakumbuka swala zake, ukalifungua jani,
ukaenda kumwombea parachichi.
Nani alikufundisha hilo? Si mimi.
Nilikuwa kazini, nikipinda sketi za shule za watoto wa watu.

Kwetu tunasema ndaga. Huku wanasema aika.
Nimeyasema yote mawili usiku huu, kimyakimya,
na bado naona kama nimelipa chenji.

Tuliposhuka, Mwinjuma alikuwa bado hajafunga.
Alilipokea parachichi, akalibonyeza kwa kidole gumba cheusi cha grisi.
"Bado siku mbili," akasema,
akaliweka rafuni, katikati ya kopo la nati na kopo la gololi.
"Tutakula wote. Mwambie na Namsifu alete chumvi."
Nawe, mwanangu, ukaanza kuhesabu vidole,
watu wangapi, vipande vingapi,
na vidole vikakuishia.