Shimo la Luganje

Baba alilikata kwa msumeno wa mawe
miaka kumi na saba,
hapa Mwakirunge, nyuma ya njia ya malori.
Alirudi mweupe kama mtu aliyemwagikiwa unga,
akakohoa, akaoga, akala, akalala.
Nyumba yetu ilitoka humu shimoni:
sebule, vyumba viwili, choo cha nje,
hata ukuta mfupi tulioukalia kutafuna korosho.
Ukitaka kuiona nyumba ile ikiwa imegeuzwa ndani nje,
simama ukingoni utazame chini.

Mimi nimeshuka na ndoo.

Chini hakuna udongo. Nasema hivi
kwa sababu wageni wa semina hupenda kusema "ardhi".
Hii si ardhi. Ni jiwe lililovuliwa nguo,
tumbawe lililosahau bahari,
jeupe hata saa sita mchana huwezi kulitazama.
Mvua ikinyesha maji hutuama,
kisha hukauka na kuacha ukoko kama wa sufuria.

Nyevu ndiye anayeshika daftari.
Huandika kwa penseli, wino huyeyuka kwa jasho.
Mwaka wa kwanza: mibambakofi mia mbili,
mikwaju sitini, mikoma arobaini,
migurure ishirini, mbegu tuliziokota nje ya kaya,
maana ndani hata kijiti hakitolewi.
Iliyobaki mwezi wa Februari: thelathini na mmoja.
Kwenye kila uliokauka aliandika "amekufa",
si "umekufa",
nami sikumsahihisha.

Haba na haba, wanasema. Sawa.
Lakini kibaba chetu kina futi arobaini kwenda chini.

Tukaanza upya, mivinje ikitangulia,
maana mvinje haulizi umepandwa wapi.
Ikadondosha vijiti vyake, vikalala bila kuoza
mpaka tukaleta jongoo, madebe mawili.
Vijana wa malori walicheka wakashika mbavu,
wakatutolea ule msemo wa jongoo na mtungi.
Waache. Hawa hawakuwa na haja ya mtungi.
Walikula, wakanya, wakala, wakanya,
na siku moja kidole changu kilizama
hadi pingili ya kwanza
katika kitu cheusi, chenye ubaridi.
Nikamwita Nyevu. Hakusema neno.
Alikishika kidole akakinusa.

Kilichotugombanisha na watu ni miarobaini.
Ilikuja yenyewe, matumboni mwa ndege,
ikashika, ikanenepa, ikawanyima wenzake jua.
Tulipoanza kuing'oa, Bi Mafunda alisimama ukingoni,
leso kaifunga kiunoni:
"Mnang'oa dawa? Nyie, mliokunywa maji yake mkiwa na homa?"
Ni kweli. Nilikunywa. Ulimi wangu ungali unakumbuka.
Nilimpelekea majani, gunia zima,
na mizizi nikaianika juani.
Hakunisalimia hadi mfungo ulipokwisha.

Baba haji shimoni. Kifua, anasema.
Jioni humpa habari: mgurure umetoa jani la tano,
kuna chura, hatujui katokea wapi.
Husikiliza akiutazama ukuta.
Juzi alininyooshea kidole, juu, karibu na paa:
katika ufa wa jiwe
mkuyu ulikuwa umeota, majani manne,
mbegu ya popo, hapana shaka.
"Huo utatupasulia nyumba," akasema.
Nikaleta stuli na kisu cha jikoni.
"Taratibu. Usiukate mzizi. Jiwe hilo
nililitoa kona ya mashariki, pale penye maji."
Aliyasema kama mtu anayempa dereva anwani.

Nimeutia kwenye pakiti ya maziwa
pamoja na ule udongo wa jongoo.
Asubuhi nitashuka nao.
Nyevu atalamba ncha ya penseli aniulize,
"Na huyu ametoka wapi?"
Safu ya daftari ni nyembamba, yatosha neno moja.
Nyumbani, nitamwambia.
Au humu humu.