Kifo cha Senhor Abílio, Sehemu ya 212

Walimleta Deolinda atufundishe kufa.
Miaka ishirini na minane katika wodi ya mapafu, huko Porto,
akatoka na goti bovu na pensheni ya kubana.
Tulimlipa kwa siku, pamoja na chakula cha mchana.

Kifo chenyewe nilikiandika mimi.
Senhor Abílio, mwenye kiwanda cha dagaa:
nilimpa kurasa nne za kukata roho.
Anamsamehe ndugu, anamtambua binti wa nje,
anataja wosia ulipofichwa,
kisha kichwa kinalala upande,
upande wa kamera.

Deolinda alisoma akilamba kidole kila ukurasa.
"Huyu ana pumzi kunishinda mimi niliyepanda ngazi zenu."
Akachukua kalamu yangu bila kuomba.
Akafuta msamaha. Akafuta binti. Akafuta wosia.
Akamwendea mgonjwa wetu kitandani, akainama:
"Huu ni mpira wa mkojo.
Mmeutia puani."

Tulicheka, ila mimi nilicheka kwa aibu.
Kwenye tamthilia yetu hakuna aendaye msalani,
hakuna atafutaye funguo,
simu hukatwa bila kwaheri,
na mtoto huzaliwa ana miezi mitatu, ameshachanwa nywele.

"Basi watu hufa vipi?" nikamuuliza.
Alikuwa na kitumbua cha chewa mkononi, akakiweka chini.
"Kwa mdomo mkavu. Kwa kuuliza saa ngapi,
na ukijibu, wanauliza tena.
Gaspar wangu aliniambia, funga dirisha, baridi.
Nikafunga. Nikashuka kununua mkate.
Niliporudi joto lilikuwa limeingia chumbani,
yeye limemtoka.
Ndoa ya miaka thelathini na mmoja,
neno la mwisho: baridi."

Usiku ule kurasa nne zikawa mistari sita.
Abílio anaomba maji. Anauliza saa.
Binti yuko koridoni, anatafuta sarafu ya mashine ya kahawa.
Nilijiona fundi. Ukweli mtupu,
mfupa uliolambwa na paka.

Mwongozaji alinirudishia karatasi kama chenji pungufu.
"Ukweli wanao majumbani, tena bure.
Saa tatu usiku, wamevua viatu,
unataka uwauzie tena?"

Tukavutana wiki nzima, tukapatana kama wanandoa,
kila mmoja amenuna:
mpira ukahama, midomo ikapakwa ukavu,
lakini msamaha ulirudi, binti akarudi,
na kichwa kikalala palepale.

Siku ya kurushwa nilimpigia Deolinda nimtake radhi.
Hakupokea.
Alipokea wakati wa tangazo la sabuni ya vyombo,
sauti imelowa.
"Mpira mmepatia," akasema.
Nikangoja anitukane kwa yale mengine.
Nilisikia friji yake ikinguruma, na kijiko ndani ya kikombe.

"Alivyomshika mkono yule mama.
Alivyomwambia yote, moja baada ya jingine,
na dirisha liko wazi."
Kimya.
"Uongo, mwanangu. Uongo mtupu. Hakuna afaye hivyo."
Akapenga kamasi.

"Kesho wanarudia saa ngapi?"