Mawe ya Bi Menna

Mstari wa mwisho wa orodha niliuandika kwa mkono,
chini ya nta ya miguu, kope, na rangi ya nyusi:
Kukandwa kwa mawe ya moto. Saa nzima. Pauni arobaini na tano.
Nikaibandika dirishani. Mvua ikaisoma kwanza.

Hapa Blaenau mvua husoma kila kitu.
Hapa jiwe ndilo mlima, ndilo paa, ndilo uzio,
ndilo lundo la kijivu nyuma ya shule
lililotemwa na wanaume wa karne nzima
wakitafuta bamba moja jembamba
la kuezekea nyumba za watu wa mbali.
Nani atanunua jiwe mahali hapa?
Ni kumuuzia chura maji.

Dada yangu Lowri alicheka kwenye simu hadi akapaliwa.
"Heulwen, babu alilipwa kuyatoa mlimani,
wewe unataka tukulipe uyarudishe mgongoni?"

Lakini nilikuwa nimeshalipa.
Siku mbili za mafunzo mjini Wrexham,
cheti chenye jina langu lililokosewa herufi,
bima iliyopanda, sanduku la mawe hamsini na manne,
meusi, ya volkano, yaliyolainishwa na mto nisioujua,
na sufuria ya umeme yenye kipimajoto
ambayo Gethin aliizunguka mara mbili
akauliza kama inapika wali.

Nilifundishwa: lijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako.
Usiliache jiwe likae juu ya ngozi tupu.
Mkono mmoja ubaki mgongoni, mwingine ukifuata jiwe.
Uliza presha, uliza sukari.
Uliza, "Joto vipi?" na uamini jibu,
ila si sana: watu wa huku
husema "sawa tu" hata wakiungua.

Wiki tatu, maji yakachemka moto kwa ajili ya hakuna mtu.

Kisha Bi Menna Pugh, miaka sabini na minane,
mteja wangu wa nywele za kidevu.
Akaisogelea orodha, akapandisha miwani.
"Mawe!" akasema,
nisijue kama anayataja au anayatukana.
Akavua koti.

Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.
Mafuta ya lozi, taulo, mawe sita kando ya uti,
na sauti yao yakigongana majini kila nilipobadilisha.
Joto vipi? Sawa tu.
Nikayapunguza.

Muda ukapita. Ndipo akaongea,
uso ukiwa ndani ya tundu la kitanda, akiiambia sakafu:

"Mama alikuwa akitia bamba kwenye oveni.
Usiku analifunga kwa kitambaa cha sufu,
anatuwekea miguuni, watoto wanne kitanda kimoja.
Tulipigana mateke kwa ajili ya bamba lile."

Nikamaliza bega la kushoto.

"Idwal nilimwekea kifuani, mwaka ule wa mwisho.
Vumbi lilikuwa limeshajenga mlima humo ndani.
Kila asubuhi nalikuta bamba limepoa kuliko yeye.
Isipokuwa moja."

Wrexham hawakufundisha cha kusema hapo.
Nilichukua jiwe jingine, nikalijaribu kifundoni,
nikaliweka katikati ya mabega yake
na kiganja changu juu yake, vyote viwili,
mpaka sikujua kipi kinampasha mwenzake.

Alilipa kwa noti na sarafu, akiilalamikia bei.
Akataka nimwandike tena, Alhamisi ya pili.
"Na kidevu," akasema mlangoni,
"usidhani nimesahau kidevu."

Jioni nikayaosha, nikayakausha moja moja.
Hamsini na matatu.
Nikainua taulo, nikapapasa chini ya kitanda,
nikahesabu upya.

Nikakumbuka jinsi alivyopanda barabara ya kanisa,
mkono mmoja ukishika mwavuli dhidi ya upepo,
mwingine mfukoni mwa koti,
hautoki, hata alipopungiwa na mtu wa posta,
hata mwavuli ulipopinduka.