Mita ya Chibago

Tarakimu ishirini. Nimekosea mara mbili,
ya tatu mita ikalia kama kifaranga,
taa ya jikoni ikawaka
kwa jina la Amosi Chibago,
aliyehama Ilazo kabla sijatua.

Ofisi ya maji wanageuzageuza pasipoti yangu ya Zambia.
Mwenye nyumba yuko wapi?
Yuko Kongwa, anavuna alizeti, simu haishiki.
Basi njoo naye Jumatatu.

Jumatatu tatu sasa.

Maji yenyewe hutoka saa nane usiku.
Ndoo ya Mama Ndahani ndiyo kengele yangu:
ikigonga sakafu naruka, nafungua koki,
tunakinga gizani, ukuta katikati.

"We mgeni, pipa limejaa?"
Limejaa, mama. Ila yana chumvi.
"Utazoea.
Chibago naye alinung'unika hivyo hivyo."