Bawa la Uongo

Jumatatu tulifika na lami, saa kumi na mbili asubuhi,
nyuma ya kiwanda cha betri kilichofungwa, mashariki ya Detroit,
baridi ya Mei bado imeng'ang'ania vidole.
Kazi: kugeuza uwanja wa kokoto
kuwa maegesho ya magari mia mbili na ishirini.
Kokoto, vigae vya chupa, nyasi zilizojiotea,
mahali ambapo ramani ya mji imeandika: patupu.

Ndipo akatoka yeye kati ya mawe,
wa ukoo wa kitwitwi, miguu njiti za kiberiti,
kifuani mikanda miwili myeusi
kama karani aliyefunga tai mbili kwa haraka.
Akaita mara nne, kwa ukali wa bawaba kavu.
Akaanguka.
Bawa moja likaburuta chini, limevunjika,
mkia umefunguka rangi ya chungwa,
na kile kilio, mzazi yeyote angesimama.
Nikamfuata. Nani asingemfuata?
Hatua kumi, ishirini. Kila nikiinama
yuko mbele kidogo, anakufa kidogo zaidi.
Hatua ya arobaini akapona.
Akaruka, buheri wa afya,
akaniacha kando ya uzio na mikono mitupu.

Njia ya mwongo ni fupi, nilifunzwa.
Ya huyu nimeipima: hatua arobaini,
kutoka mayai manne hadi mpumbavu mmoja.

Hakujenga kiota. Mayai yako chini tu,
yana madoa ya kokoto, ncha zimekutana katikati
kama watu wanaonong'onezana.
Bibi Odessa Pruitt, nyumba ya pili kutoka kona,
aliyajua zamani. Alikuja na ndoo tatu na kamba ya kuanikia nguo,
akayazungushia.
"Leo siku ya kumi na tisa," alisema, bila salamu.
"Yanataka ishirini na tano, sita hivi.
Mwaka jana yalikuwa pale ulipoegesha lori."
Nikatazama magurudumu.
Yeye hakuongeza neno.

Msimamizi wetu, Dombrowski, si mtu mbaya.
Ana mkopo benki, na ana saa mkononi.
Alipiga simu saa mbili: mmefika wapi?
Ndege alikuwa amerudi, amekalia yake,
moyo unapiga mpaka manyoya yanatikisika.
Nikasema: rola imeharibika.
Imeharibika vipi?
Sijui. Pampu, labda. Inaburuta upande mmoja.
Na sauti yangu ikakwama
pale pale ilipotakiwa kukwama.

Uongo ule ulinunua siku mbili.
Bibi Pruitt akanunua tatu, kwa barua:
ipo sheria ya ndege wahamao, mayai yao hayaguswi.
Alikaa kwenye benchi la ofisi ya mji na mkate wake kwenye mfuko
mpaka karani akaisoma kwa sauti, akagonga mhuri.
Ya sita ikanunuliwa na mvua.

Jumapili wakaanguliwa. Watatu.
Yai la nne lilibaki baridi; mama alilizunguka
mara moja, kisha hakulizunguka tena.
Wale hawakungoja kulishwa. Manyoya yalipokauka
walikuwa wanakimbia, pamba tatu zenye miguu,
chini ya uzio, hadi kwenye mtaro wa maji
upande wa reli.

Jumatatu tulimwaga lami.
Nilikuwa mimi juu ya rola,
nzima, haina hata nati iliyolegea.
Nilifanya kazi nzuri. Sitadanganya kuhusu hilo.
Bali kwenye pembe ya mashariki, upana wa magari mawili,
mtu amechora mstari kwenye ramani kwa kalamu ya risasi,
ameandika: hapa acheni mawe.
Mwandiko si wa Dombrowski, lakini sahihi ni yake.

Mwakani sijui kama atarudi.
Sijui hata kama magari mawili yanamtosha.
Nafanya mazoezi ya kuchechemea.