Maji Yana Wivu

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha.
Mirija, bilauri, visahani,
na vile vipande vya kioo vyembamba kama ukucha
wanavyoviweka chini ya darubini.
Montevideo, nyuma ya hospitali, ghorofa ya chini,
dirisha moja, na harufu ya kondoo.

Daktari Irureta hakuwa mtu wa maneno.
Siku moja alisimama kwenye sinki langu, chai imempoa mkononi,
akauliza: Bi Eufrasia, kwa nini vioo vikilowa vinang'ang'aniana?
Nikamwambia: maji yana wivu.
Ukitia tone la sabuni, vinaachana vyenyewe.
Akanitazama kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kusamehe.
Ndiyo hiyo, akasema. Ndiyo hiyo tu.
Pafu la mtoto njiti halijapata sabuni yake.
Kila akishusha pumzi, kuta zinagandana;
kila akivuta, anazibandua upya,
mpaka anachoka.

Sikumwambia habari za Anselmo.
Saa thelathini na moja.
Nilitazama mbavu zake zikizama, zikiibuka,
zikizama.
Mtu mzima hafanyi kazi hivyo kwa mshahara wowote.
Mama mkwe alisema: kutangulia si kufika.
Na yule daktari wa zamu, kijana, macho mekundu,
alisema mapafu yalikuwa mazito kama ini.
Nilidhani ni lawama.
Miaka kumi na mitatu nilijiuliza ni ndoo ipi,
ile ya Jumanne, au ile ya ngazini.

Mwezi wa Julai walimdunga sindano kondoo jike,
nambari arobaini na sita.
Baada ya siku mbili wakamzalisha, mimba ikiwa changa bado.
Kilichotoka hakikuwa na manyoya ya maana,
ngozi kama karatasi iliyolowa.
Tukangoja kife.
Kikapiga chafya.
Kikavuta, kikashusha, kikavuta tena
bila kugombana na mtu,
kisha kikakojolea aproni yangu.
Ledesma wa zizini, aliyekwisha kushika kitambaa cha kukifunikia,
akajipangusia jasho.

Kiliishi mpaka saa kumi jioni.
Sitasema uongo: walikiua wenyewe, ndivyo kazi ilivyo,
lazima mapafu yaonekane.
Yalikuwa ya waridi, mepesi,
kama mkate uliokubali hamira.
Daktari akayatia kwenye beseni la maji.
Yakaelea.
Akayabonyeza kwa kidole, yakazama kidogo, yakarudi juu.
Wote wakaandika.
Kondoo mmoja si ushahidi, akasema, tutahitaji wengi,
na akazima taa za upande wake.

Nikabaki na beseni.
Nikaweka kidole changu palepale,
nikabonyeza.
Yakarudi.
Nikabonyeza tena.
Haikuwa ndoo, nikasema kwa sauti,
na hapakuwa na mtu wa kuniuliza ndoo gani.

Halafu nikaosha vyombo vyote,
na kwenye orodha ya mahitaji, ukutani,
nikaandika: sabuni.