Kimya cha Neville

Hii ni mara ya tisa, Rhodri. Umesema jina lako ni Rhodri?
Basi andika, maana wanane waliokutangulia
hawakuandika kitu.
Naitwa Glenda Tindle, niko Sunderland, nimekaa jikoni,
nimemaliza vikombe viwili vya chai nikisikiliza fidla yenu,
fidla ileile, inayokatika kila ikikaribia utamu.

Simu yangu ilianguka ngazini, stesheni ya Seaburn,
siku ya mvua, mikono imejaa vitunguu na dawa za presha.
Kioo kikapasuka kama barafu ya dimbwi.
Sikulia. Nilisema: bima ipo.
Pauni sita na nusu, mwezi hadi mwezi, miaka minne.
Zidisha mwenyewe, una kikokotoo hapo.

Mkaniambia ilifutwa Machi.

Machi, Rhodri. Machi ndipo nilipomzika mume wangu.
Benki ikafunga akaunti yetu ya wawili,
kwa kuwa wawili hawapo tena,
walisema hivyo, kwa upole, kwenye fomu.
Nikahamisha gesi, maji, televisheni,
nikahamisha laini zetu mbili za simu.
Ndiyo, na yake.
Pauni tano kwa mwezi nailipia laini ya marehemu
ili nikipiga usiku nimsikie:
"Sipo. Acha neno, na usirefushe."
Hiyo pesa mnaipokea bila swali.
Bima tu ndiyo ilibaki nyuma,
kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Unasema mlituma taarifa.
Najua mlituma. Jana nilifungua droo ya soksi zake,
nikaichomeka simu yake kwenye umeme,
ikaamka polepole, ikatetemeka mezani
kama mtu aliyetoka kuogelea Januari.
Ujumbe wenu huu hapa, nausoma:
"Mpendwa Neville, malipo yako yamekwama.
Usipotujibu ndani ya siku kumi na nne
tutahesabu kuwa umeridhia."

Siku kumi na nne!
Mtu aliyechelewa kila mahali,
hata kanisani siku ya harusi yake,
ninyi mlimtaka afufuke kwa majuma mawili.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, nakubali,
lakini kimya cha kaburi hakina saini.

Usinisomee kifungu cha saba.
Ninacho hapa, herufi kama mayai ya chawa,
nimekisoma kwa miwani yangu na miwani yake,
moja juu ya nyingine.
Wala usinipe pauni ishirini za nia njema.
Nia njema haina namba ya kumbukumbu.
Rudisheni bima, au niandikieni barua ya mwisho
niipeleke kwa msuluhishi, na nitaipeleka kwa miguu
basi likigoma.
Rhodri?
Upo?

Alinyamaza. Fidla haikuja.
Nilisikia kiti kikilalamika, mtu akimeza mate,
kisha ile sauti ya Wales, imeshuka chini:
"Usikate, Bi Tindle. Sikuweki kwenye muziki."

Alhamisi usiku droo ililia.
"Mpendwa Neville, tunaomba radhi kwa usumbufu.
Bima yako imerejeshwa.
Kwa alama, sifuri hadi kumi,
umeridhika kiasi gani na huduma yetu?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wake.
Neville alikuwa bahili wa alama.
Keki ya harusi, niliyoioka mwenyewe kwa siku mbili,
aliipa saba, na mpaka leo sijamsamehe.
Nikawaza yeye angewapa ngapi.
Nikaandika mbili,
zote za yule kijana aliyenyamaza.

Kisha nikairudisha simu kati ya soksi, ikiwa kwenye chaji,
waya ukining'inia nje.
Droo haifungi vizuri sasa.